MC Lyte alikuwa wa kwanza katika nini hasa?

Albamu ya Lyte as a Rock ilitoka mwaka 1988, na aliyeichana, yaani aliyerapu humo, alikuwa msichana wa Brooklyn, New York, ambaye hata miaka 18 alikuwa hajaifikisha. Jina la nyumbani ni Lana Michele Moorer. Jina la jukwaani ni MC Lyte. Tangu hapo kila anapotambulishwa hutanguliwa na sifa ileile: mwanamke wa kwanza wa hip hop. Nimeisikia sifa hiyo redioni, nimeisoma mitandaoni, na hapa Kigoma nimeisikia ikibishaniwa kwa sauti kubwa na mabinti wanaokutana jioni kule Mwanga kufanya mazoezi ya kuchana. Mmoja anasema wa kwanza ni Lyte. Mwenzake anasema hapana, kuna mtoto aliyeitwa Roxanne Shanté alimtangulia kwa miaka. Wa tatu anasema ni Lauryn Hill, maana ndiye ambaye kaseti yake ilikuwa haitoki kwenye redio ya mama yake. Wote watatu wana hoja, ndiyo sababu ubishi hauishi.

Nenda Kibirizi alfajiri, boti za dagaa zinaporudi, uulize ipi imekuwa ya kwanza. Nawe utaulizwa: ya kwanza kuingia ziwani jana jioni, ya kwanza kutia nanga, au ya kwanza kuuza? Kwenye rapu ni hivyohivyo. Wapo waliotangulia kushika maiki, waliotangulia kurekodi, waliotangulia kutamba, na waliotangulia kuwekewa jina lao peke yake kwenye jalada la albamu. Ukiwachanganya, unamdhulumu mmoja ili umpambe mwingine.

Tuanze kabla hata maiki haijashikwa. Usiku wa tarehe 11 Agosti 1973, kwenye jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick, Bronx, New York, ulipigwa muziki ambao watu wengi huuhesabu kuwa ndio kuzaliwa kwa hip hop. DJ alikuwa Kool Herc, na jina lake linajulikana dunia nzima. Aliyeandaa shughuli yenyewe alikuwa mdogo wake wa kike, Cindy Campbell, aliyekuwa anatafuta hela ya nguo mpya za kurudi nazo shule. Kwa hiyo mwanamke alikuwepo tangu usiku wa kwanza, kwa upande wa maandalizi. Miaka sita baadaye, mwaka 1979, lebo (kampuni ya kurekodi muziki) ya Sugar Hill ilitoa Rapper's Delight, wimbo uliowafanya watu wasiojua Bronx iko wapi waanze kuimba rapu. Lebo hiyo iliongozwa na mwanamke, Sylvia Robinson, ambaye mwenyewe alikuwa mwanamuziki.

Mwaka huohuo wa 1979 Sugar Hill ilitoa Funk You Up, wimbo wa The Sequence, mabinti watatu kutoka Columbia, South Carolina. Mmoja wao alikuwa Angie Stone, aliyekuja kuwa mwimbaji mkubwa wa soul na kufariki kwa ajali ya gari Machi 2025. Kule Philadelphia, mtangazaji wa redio aliyeitwa Lady B naye alirekodi wimbo wake wa rapu mwaka huo. Na Bronx kwenyewe alikuwepo Sha-Rock wa kundi la Funky 4 + 1, aliyekuwa akichana kwenye shughuli za mitaani kabla watu hawajafikiria kwamba mambo yale yanaweza kuuzwa kwenye santuri. Tarehe 14 Februari 1981 kundi hilo lilipanda jukwaa la kipindi cha Saturday Night Live, rapu ikaonekana kwenye televisheni ya taifa zima la Marekani, na msichana akiwa katikati yake. Binafsi, nikilazimishwa kumtaja mwanamke wa kwanza wa kuchana ambaye alama zake zinaonekana waziwazi, namtaja Sha-Rock. Lyte wakati huo alikuwa na miaka 10.

Halafu akaja Shanté. Mwaka 1984 kundi la wanaume la UTFO lilikuwa na wimbo unaomsema msichana wa kubuni aitwaye Roxanne, eti anaringa. Lolita Shanté Gooden, mtoto wa miaka 14 kutoka nyumba za Queensbridge, New York, akasimama mbele ya maiki ya mtayarishaji Marley Marl akawajibu kwa niaba ya huyo Roxanne. Jibu lake liliwashika watu hadi wasanii wengine kibao wakajitokeza na nyimbo zao, kila mmoja akijifanya Roxanne, ndugu yake, au wazazi wake. Bifu za rapu kwenye santuri zilikuwepo kidogo kidogo. Mtoto huyu ndiye aliyezifanya kuwa biashara.

Hapa ndipo fundo linapokaza. Kama Shanté alikuwa nyota mwaka 1984, iweje albamu ya kwanza ya mwanamke anayechana peke yake iwe ya Lyte, miaka minne baadaye? Albamu ya Shanté, Bad Sister, ilitoka mwaka 1989. Anayeangalia miaka ya albamu peke yake atasema Lyte alitangulia, na atakuwa hajadanganya, ila atakuwa ameficha jambo kubwa.

Jambo lenyewe ni hili: albamu haikuwa kawaida ya rapu hata kwa wanaume. Kwa miaka mingi muziki huu ulikuwa wa shughuli. Ukiisha usiku, umeisha. Santuri zilipoanza kutoka mwaka 1979 zilikuwa za wimbo mmoja mmoja, kwa sababu wenye lebo waliamini ni upepo tu, utapita. Kurekodi nyimbo kumi kunakula hela za studio, na mwenye lebo hatoi hela hizo kwa mtu ambaye anadhani mwakani atakuwa amesahaulika. Run-D.M.C. walipotoa albamu yao ya mwaka 1984, ikauza hadi kupata cheti cha mauzo cha dhahabu, kisha Raising Hell ya mwaka 1986 ikapata platinamu, cheti cha juu zaidi, ndipo mabosi walipoanza kufungua mikoba. Mwaka huohuo wa 1986 Salt-N-Pepa, wakiwa kundi, walitoa Hot, Cool & Vicious, nayo baadaye ikafika platinamu. Kutoka hapo hadi msichana mmoja, bila kundi, bila mwanaume pembeni, kupewa albamu nzima ilipita miaka miwili. Wanawake hawakuchelewa kwenye rapu. Albamu ndiyo iliyochelewa, na ilipofika waligawiwa kwa kijiko.

Lyte aliipataje yake? Alikuwa na kipaji, na alikuwa na mlango. Lebo ya First Priority ilikuwa ya Nat Robinson, baba wa vijana wawili, Milk Dee na Gizmo, waliounda kundi la Audio Two. Biti yao, yaani mdundo, ya Top Billin' hadi leo inakatwa na kutumiwa upya na watayarishaji. Lyte alikuwa karibu na familia hiyo kiasi kwamba mara nyingi huandikwa kama dada yao, ingawa si ndugu wa damu. Lebo ndogo ya familia ilipopata usambazaji kupitia Atlantic, kampuni kubwa, msichana aliyekuwa ndani ya nyumba akapita mlango huohuo. Silitaji hili kumpunguzia heshima. Nalitaja kwa sababu kila ukichunguza habari ya mtu wa kwanza, nyuma yake utakuta mtu aliyekuwa na studio, hela, na imani kwamba sauti ya msichana itauza. Shanté alikuwa na kipaji kisichopungua, akakosa mpangilio wa namna hiyo kwa wakati uleule.

Lakini mlango haukuandikii mistari. Ukitaka kujua kwa nini Lyte anaheshimiwa na wachanaji wenyewe, achana na suala la nani wa kwanza, usikilize I Cram to Understand U, wimbo aliouandika akiwa bado mtoto wa shule. Msichana anampenda kijana anayeitwa Sam. Sam haeleweki. Hela hana, ahadi hatimizi, na kuna maneno kwamba ana mwingine. Msichana anapandwa na wivu, anamwaza huyo mwanamke mwenzake, na wewe msikilizaji unakaa upande wake ukisubiri wakutane washikane uongo. Mwishoni ndipo unapojua kwamba huyo "mwingine" si mtu. Ni crack, kokeini ya kuvuta iliyokuwa inamaliza mitaa ya New York miaka hiyo.

Mtunzi mwingine angesimama jukwaani akahubiri kwamba dawa za kulevya ni mbaya. Lyte alikuchukua mkono kupitia mapenzi ya ujana, akakuficha jambo hadi dakika ya mwisho, na akalisimulia kutoka pale ambapo hadithi za uraibu hazikuwa zikisimuliwa: kwa msichana anayeachwa bila maelezo. Nilipowasimulia mabinti wa Mwanga wimbo huu kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, walianza kwa kumcheka Sam na visingizio vyake. Nilipofika mwisho, mmoja alifungua nyuma ya daftari lake la Baiolojia akaanza wa kwake palepale, wa kijana anayeaga kila wiki kwamba ana safari ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na harudi na hata kitenge kimoja. Mwisho wake sikuambiwa. Alinijibu kwamba mwisho nitausikia studio.

Sauti ya Lyte nayo ilikuwa sehemu ya kazi. Nzito, imetulia, haikimbii biti. Alivaa suti ya michezo na raba kama wavulana wa mtaani kwake, na hakujiuza kama mpenzi wa fulani wala mdogo wa fulani. Ni jambo linaloonekana dogo mpaka ukumbuke jinsi wasichana walivyokuwa wakitambulishwa kwenye makundi. Hata jina la Funky 4 + 1 linasomeka kama vile Sha-Rock ni nyongeza.

Kuna sehemu moja ya historia yake ambayo mashabiki huisimulia kwa furaha kuliko inavyostahili, nayo ni bifu lake na mchanaji mwenzake Antoinette. Antoinette alitoa I Got an Attitude, ngoma zake zikafanana mno na za Top Billin'. Lyte akajibu kwa 10% Dis, moja ya nyimbo kali za madongo katika hip hop nzima. Kama mistari, ni kazi ya kutisha, na siwezi kujifanya siipendi. Ila tazama kilichokuwa kinagombewa: biti. Ya Top Billin' ilitengenezwa na Audio Two. Ya I Got an Attitude ilitoka kwa Hurby Azor, mtayarishaji aliyekuwa nyuma ya Salt-N-Pepa. Ugomvi ulikuwa wa watayarishaji wa kiume, waliopigana wakawa wasichana wawili. Tabia hiyo haijafa. Hata kwetu miaka ya 2000 watu walikuwa wanataka kusikia wachanaji Zay B na Sista P wakirushiana madongo kuliko kusikia kila mmoja wao ana nini cha kusema.

Baada ya albamu ya kwanza Lyte hakuondoka. Mwaka 1989 alitoa Eyes on This, na mwaka huohuo alikuwa kati ya wasanii waliochana kwenye Self Destruction, wimbo wa pamoja ulioongozwa na mchanaji KRS-One kupinga vurugu, ambao mapato yake yalikwenda kwa shirika la National Urban League. Mwaka 1993 Ruffneck ikampa singo ya dhahabu, ya kwanza kwa mwanamke anayechana peke yake, pamoja na kutajwa kuwania Grammy, tuzo kubwa za muziki za Marekani. Tuzo yenyewe hakuichukua. Queen Latifah na Salt-N-Pepa ndio waliokuja kuzibeba Grammy za rapu mwaka 1995, Latifah kwa U.N.I.T.Y. Platinamu ya kwanza ya albamu ya mwanamke wa peke yake ilikwenda kwa Da Brat, kwa Funkdafied ya mwaka 1994. Na yule binti wa tatu wa Mwanga hakukosea kabisa: The Miseducation of Lauryn Hill, iliyotoka mwaka 1998, ilishinda Grammy ya albamu ya mwaka 1999, na hakuna albamu ya hip hop iliyokuwa imewahi kufika hapo, iwe ya mwanamke au ya mwanaume.

Kwa hiyo sifa ya Lyte ikiandikwa vizuri inasomeka hivi: anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kutoa albamu nzima ya rapu akiwa peke yake, na wa kwanza wa peke yake kupata singo ya dhahabu. Ni ndefu kuliko "mwanamke wa kwanza wa hip hop", na haimfuti Sha-Rock, wala The Sequence, wala Shanté.

Alichokifanya baadaye ndicho ninachowaambia mabinti wakitazame zaidi. Mitindo ilipobadilika mwishoni mwa miaka ya 1990, lebo zikataka wasichana wa mavazi na mistari ya aina nyingine, na wengi wa kizazi chake wakapotea. Yeye aliichukua sauti ileile nzito akaipeleka kwenye kutangaza hafla za tuzo, akaigiza kwenye televisheni, akafanya udijei. Mwaka 2011 alichaguliwa kuongoza tawi la Los Angeles la taasisi inayotoa tuzo za Grammy, yaani akaketi kwenye meza ya wale wanaopanga. Alianzisha taasisi ya Hip Hop Sisters, ambayo imetoa ufadhili wa masomo. Mwaka 2013 kituo cha televisheni cha BET kikampa heshima ya I Am Hip Hop. Na mwaka 2024, miaka 36 baada ya albamu ya kwanza, akatoa nyingine.

Sasa rudi huku kwetu, maana swali la nani wa kwanza lina fundo lilelile. Afrika Mashariki ina Nazizi wa Nairobi, aliyekuwa akichana ndani ya kundi la Necessary Noize na ambaye Wakenya wamempa heshima ya mama wa kwanza wa hip hop yao. Tanzania ina Zay B, Sista P na Rah P, majina yaliyotikisa redio mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ina Witnesz, aliyetoka kwenye shindano la Coca-Cola Pop Stars mwaka 2004 akiwa na Shaa na marehemu Langa katika kundi la Wakilisha. Baadaye wakaja Chemical, Rosa Ree, Frida Amani. Ukiuliza nani kati ya wale wa mwanzo alikuwa wa kwanza, kila mtu atakutajia aliyemsikia yeye kwanza. Na kabla yao walikuwepo wasichana waliopanda majukwaa ya shule na kumbi za disko miaka ya 1990, wakachana, wakashangiliwa, na hakuna aliyewarekodi.

Kigoma ndiyo kabisa. Huu ni mkoa uliojaa wanamuziki; mwaka 2012 Kigoma All Stars walipotoa Leka Dutigite, orodha yao ilikuwa ya kujivunia, na wanawake walikuwemo, Mwasiti na Queen Darleen miongoni mwao. Kwa kuimba hatuna deni. Kwenye kuchana, msichana wa hapa bado anaitwa studio kwa ajili ya kiitikio. Masela wanaandika vesi tatu, wanabakiza nafasi ya sauti tamu katikati, wanampigia simu.

Fuata wimbo huo unakoenda. Pale sokoni Mwanga kuna vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi na kadi za simu. Nilikaa kwenye kimoja nikamwomba kijana anifungulie folda ya rapu ya Kigoma. Nyimbo nilizozijua, ambazo nina hakika sauti ya kike imo, nyingi zilikuwa na jina la mwanaume peke yake, wakati mwingine na jina la studio na namba ya simu ya mtayarishaji. Jina la msichana lilikuwa limekatwa njiani, mtu alipofupisha jina la faili ili litoshe kwenye kioo cha redio ya bajaji. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini baada ya miaka 20 faili hilo ndilo litakuwa ushahidi, na ushahidi utasema msichana hakuwepo.

"Kwa hiyo, dada, mimi nikichana na masela sihesabiki?" aliniuliza yule wa daftari la Baiolojia.

"Unahesabika, mdogo wangu," nilimwambia. "Ila mistari yako iandike, weka tarehe, na jina lako litajwe ndani ya wimbo wenyewe. Hapo hakuna wa kulifupisha."

Kisheria pia msimamo wake ni imara kuliko anavyodhani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda aliyetunga mistari, na inamtambua kwa haki nyingine yule aliyeitumbuiza, hata kama ni kiitikio tu. Haki hiyo inaanza kazi inapotungwa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni kujiwekea ushahidi siku mkibishana. Makubaliano ya mgawo yaandikwe kabla ya kuingia chumba cha kurekodia, kwa Kiswahili cha kawaida, kila mmoja aweke sahihi. Mtayarishaji anayekasirika ukimwonyesha karatasi hiyo amekwisha kukujibu swali lako.

Na wale wa miaka ya nyuma? Kaseti zao bado zipo, kwenye maboksi chini ya vitanda Ujiji, Gungu na Katubuka, kwenye maduka ya zamani ya kurekodi, kwa madijei waliostaafu. Utepe wa kaseti unaharibika kwa joto na unyevu, na hapa ziwani vyote viwili tunavyo. Kama unayo moja ambayo ndani yake kuna msichana anachana, wa Kigoma au aliyepita Kigoma, andika jina lake na mwaka kwenye jalada leo, kisha mtafute kijana mwenye kompyuta na waya wa sauti akuhamishie. Ukimpata mwenyewe akiwa hai, muulize anaandikaje jina lake.